Ekari Sitini, Karen

Tangazo niliandika mimi,
maana miwani ya Mzee Gathogo ilikuwa imekaliwa na mjukuu:
Anatafutwa mtunza wanyama, shamba la binafsi,
ekari sitini, zinazoteremka hadi Mto Mbagathi.
Awe na cheti. Awe na viatu vyake.
Asiwe mlevi.
Hilo la mwisho alilitia mkewe.

Walikuja tisa, siku ya Jumanne.
Wa kwanza alivaa suti ya harusi, akaapa anapenda wanyama
kama anavyompenda Mungu; mbwa wa jikoni akambwekea
hadi akapanda meza ya chai.
Wa pili alikuwa na bunduki, lakini kwenye picha.
Wa tatu aliuliza mshahara kabla ya kuketi,
na kwa kweli sikumlaumu.
Wengine nimewasahau,
ila yule aliyemwita digidigi "mbuzi ambaye hajakomaa",
Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Wa tisa alikuwa mwanamke.
Syokau binti Musembi, miaka kumi na minne Tsavo,
goti moja likilia kila alipolikunja, kama bawaba ya geti letu.
Kiti hakukitaka.
"Kazi haiko hapa sebuleni," alisema.

Tukamfuata, Mzee na bakora yake,
mimi na daftari la stoo kwapani.
Alipita maua ya mama mwenye nyumba bila kuyasifu.
Penye majani yaliyolala akachuchumaa, goti likalia,
akaokota kinyesi, akakivunja kwa ukucha.
"Mwaka juzi walikuwa kumi na mmoja," alisema Mzee.
"Sasa nahesabu wanne. Ni chui huyo, anavuka mto usiku."
"Chui," akasema Syokau,
kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi wa mwenzake.
Hakuongeza.

Kule chini, mahali leleshwa inapobanana,
alipenyeza mkono kichakani kama anayetafuta yai,
akatoa kitanzi.
Waya wa seng'enge yetu wenyewe,
umenyofolewa miiba mmoja mmoja, ukanyooshwa,
ukasuguliwa majivu usinuke mtu.
Kazi safi.
Nasema hivyo kwa sababu niliifanya mimi.

Mshahara wa Machi ulikuja Mei.
Shule haijui Mei.
Hayo hayakuwamo kwenye tangazo,
wala bucha moja ya Dagoretti
ambayo haikuulizi jina, hukuuliza kilo.

Aligeuza fundo, akalielekeza kwenye jua.
"Limekazwa kutoka upande huu."
Kisha akanitazama nikiandika,
mkono wangu wa kushoto ukiburura wino karatasini
kama ulivyoburura tangu darasa la kwanza
mwalimu akiuchapa kwa rula.
Kanga walikuwa wakipiga kelele ng'ambo. Wakanyamaza.
Au ni masikio yangu.

"Chui anajua kufunga waya?" akauliza Mzee.
"Huyu analijua shamba kuliko chui."
"Utamkamata?"
"Hatarudia," alisema. "Lakini nina masharti.
Mshahara utoke tarehe moja, wangu na wa kila mtu hapa.
Na nipewe msaidizi anayejua kila tundu la uzio."
Akanyanyua kidevu kunielekea.
"Huyu wa daftari atanifaa."

Mzee alinung'unika njia yote ya kupanda,
akakubali tulipofika kwenye ngazi, akitafuta pumzi.

Barua ya ajira niliiandika jioni ile.
Nilipofika kwenye jina lake nikahamishia kalamu mkono wa kulia,
sijui nilimficha nani,
herufi zikatoka zimepinda kama kuku wanaokimbia mvua.
Aliisoma, akatia sahihi.
Akachomoa koleo mfukoni, akaiweka juu ya daftari langu.

"Vimebaki vingapi?"

"Sita," nilisema.

Alinyamaza, akafunga kamba za viatu,
kwanza kimoja, kisha kingine.

"Haya," akasema. "Tuanze na kile cha saba."